Nilihubiri Dhidi ya Skani, Leo Nimeiomba Irudiwe

Mungu wa rehema atukuzwe. Wapendwa, nawasalimu kwa heshima.

Leo nimeaibika hospitalini, hapa Machakos.

Jumapili nilihubiri kwamba kuchungulia tumbo la mjamzito ni kumshuku Muumba.

Leo mkaza mwanangu alipopigwa skani, nilisimama nje ya pazia, kama desturi yetu Wakamba inavyomtaka baba mkwe.

Daktari akasema, "Kondo la nyuma halipitishi damu vizuri. Mtoto anaweza kuzaliwa dhaifu."

Nilijikuta nimelivuka pazia. "Daktari, tafadhali tazama tena!"

Mke wangu, aliyekuwa humo ndani, akaniuliza, "Baba Mutua, kwani unamshuku Muumba?"

Wazee wenzangu, nilimgeukia daktari nikamwomba tena atazame.

Mkaza mwanangu amelazwa ili mtoto achunguzwe kila siku. Mwombeeni. Nami nimeshauliza picha ya kesho ni saa ngapi.

Bwana azilinde nyumba zenu, na watoto walio njiani.