Ulimi wa Mpima Mawe

Mpima mawe wa Mdachi pale Mpwapwa alipima kwa ulimi. Ukimletea jiwe la kijani alilifuta kwa pindo la kanzu, akalilamba huku amefumba jicho moja. Likinata, alisema "shaba" kama mtu aliyeonja mchuzi ukamkolea, na kesho yake Mdachi alipeleka sururu huko lilikotoka. Lisiponata alisema "chupa", maana watu waliokota hata vipande vya chupa za bia. Alipenda kutueleza kwamba shaba ikinyweshwa maji mwambani miaka mingi huota kijani, kama sufuria ya shaba isiyosuguliwa.

Siku moja Matonya, mfugaji wa Kibakwe, alileta jiwe la kijani kibichi, linang'aa ajabu. Mdachi alikuwa amesimama hapo hapo.

"Umelitoa wapi?" mpima akauliza.

"Kisimani, wanakonywea ng'ombe wangu."

Akalilamba. Jiwe likamganda ulimini hata akalibandua kwa vidole viwili. Akalitupa kichakani.

"Chupa."

Mdachi akaenda zake. Matonya akanuna. "Fundi, kwetu Mdachi hajafika na chupa zake."

"Basi nyamaza," mpima akasema, akijifuta ulimi kwa kanzu, "asije akafika."