Mndimu wa Kuliwa Majani

Kaa hapa unisikilize, maana katika jambo hili wengi watakuelekeza kinyume. Ukitaka vipepeo nyumbani kwako, usianze na maua. Anza na mti ambao utakubali uliwe majani mbele ya macho yako, na ukubali kusemwa kwa ajili yake. Mimi nilisemwa sana, na kona yangu bado ipo.

Nilizaliwa Masasi, chini ya yale mawe makubwa. Nyuma ya nyumba yetu maji yalichuruzika kutoka mwambani, na wakati wa mvua vipepeo walijaa kwenye mchanga mbichi, ukipita wanaruka wote kwa pamoja. Kisha nikapangiwa kufundisha Newala, nikaolewa hukohuko, nikahamia nyumbani kwa mama mkwe. Uwanja wake hufagiliwa kila alfajiri mpaka mistari ya fagio ionekane. Huku, uwanja wenye majani ni uwanja wenye nyoka na mkamwana mvivu. Jioni nilikaa barazani nasahihisha madaftari, nikiinua macho sioni kinachopepea ila nguo kwenye kamba.

Siku moja nikamwomba mama mkwe kona ya nyuma ya jiko, penye mndimu wake.

"Utapanda nini?"

"Maua, mama. Nataka vipepeo."

"Faida yake nini?"

Hilo ndilo swali la huku Newala, na si swali baya. Mkorosho una faida, muhogo una faida, hata mti wa kivuli unajitetea. Ningeweza kumdanganya kwamba vipepeo wangu watasaidia mikorosho kuzaa. Sikutaka. Kitu nikipendacho sikutaka kukitafutia kibali kwa uongo.

"Hakuna faida, mama. Nataka tu kuwaona."

Alinitazama kama niliyemwambia nataka kufuga mawingu. "Haya. Lakini mwezi wa saba mtoto wa wifi yako anatoka jando, na wageni watajaa hapa. Nikikuta kichaka kitupu, panga litapita."

Basi nikapanga. Kwanza upepo: Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, na upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma haumwachii kipepeo nafasi ya kutua. Nikasimamisha wigo wa mianzi upande ule. Pili jua: kipepeo huamka na baridi, hawezi kuruka mpaka apashwe moto, kwa hiyo kona ilifaa kwa kuwa inapata jua la asubuhi. Tatu maua: nilichagua zinia, kwa sababu hufunguka bapa kama kisahani, na kipepeo anahitaji pa kusimama wakati anakunywa. Nilizipanda pamoja pamoja, si moja huku moja kule, ili zionekane kutoka mbali. Nne maji. Hapa wenye Newala yao walicheka.

"Ninyi wa Masasi mmezoea maji," alisema wifi yangu, ambaye nyumba yake iko mtaa wa pili lakini maneno yake yanakaa kwetu. "Huku watu wanapanga foleni na madumu, wewe unanywesha maua!"

"Wifi, hayo ni maji ya kuoshea mchicha."

"Mchicha wenyewe ungeyataka."

Nilimwaga maji ya mchicha kwenye zinia, na yaliyobaki kwenye sahani ya udongo yenye mchanga, kwa sababu vipepeo hunyonya unyevunyevu wenye chumvichumvi. Hilo nililijua tangu Masasi.

Mvua zilipokolea, zinia zikachanua. Vipepeo wakapita, wakanywa, wakaenda zao. Maua ni mgahawa tu, hakuna anayelala mgahawani. Anayebaki ni yule mwenye watoto pale, na watoto wa kipepeo hawali maua, wanakula majani, tena kila aina na majani yake. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anataka jamii ya ndimu na limau. Ndiyo maana niliomba kona ile.

Siku moja nikawaona. Viwavi wadogo weusi wenye baka jeupe, ungedhani mavi ya ndege. Wakakua, wakawa kijani, wanene, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Mama mkwe alikuja kuchuma ndimu za samaki, akakuta majani yametobolewa.

"Mti wangu unaliwa!"

"Ndiyo, mama. Ndio vipepeo wenyewe hao."

"Hawa?" Alimwinamia mmoja, pembe zikatoka, akaruka nyuma. "Mwanangu, hawa hawana hata aibu."

Akachuma ndimu zake akaondoka. Hakuwaua. Nililishika hilo moyoni.

Mwezi wa sita watu wakaanza kupulizia mikorosho. Jirani yetu ni mkulima mzuri, na kwa mkulima mzuri wa huku, jani lenye tundu ni ugonjwa, na kumwacha mwenzako na ugonjwa mlangoni ni ubaya. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta anatoka kwenye kona yangu na mashine mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Nimekusaidia. Dawa ilibaki kidogo, nikaona mndimu unateketea."

Viwavi walikuwa wameanguka chini, wamejikunja.

"Baba, nilikuwa nawalisha."

"Unamlisha nani?"

"Hao hao."

Akavua kitambaa cha usoni ili acheke vizuri. "Mwalimu! Mimi nauza ng'ombe ninunue dawa, wewe unawapikia wadudu!"

Alikuwa ametenda wema, sikuweza kumkasirikia. Lakini kunyamaza pia sikuweza. Niliteka ndoo ya maji safi kutoka kwenye kisima chetu cha maji ya mvua, nikachukua kitambaa, nikasafisha mndimu ule jani kwa jani ili dawa itoke. Maji safi, Newala, mwezi wa sita! Watu walisimama njiani. Wifi yangu alipewa habari kabla sijamaliza, akaja mwenyewe kuhakikisha.

"Kumbe kweli. Anaogesha mti."

"Nikimaliza nitaupaka mafuta, wifi. Sogea usiloane."

Nilipokuwa nabeba ndoo kurudi, ndipo nilipoona kitu kwenye mwanzi wa wigo. Kiwavi akishiba huuhama mti, hutafuta mahali pakavu, hujifunga uzi kiunoni kama mpanda minazi, na kugeuka pupa, ganda ambamo kipepeo huumbika. Huyu alihama kabla ya dawa. Ungedhani ni kijiti kilichokatika. Yeye tu ndiye aliyekuwa amebaki.

Juma la sherehe, wifi alikuja na vijana wawili na panga. Turubai ilihitaji nafasi. Wigo ung'olewe, maua yafyekwe, mndimu upunguzwe. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko, fagio mkononi.

Nilimgeukia yeye. "Mama, uwanja ni wako na sherehe ni yetu sote. Nitapika, nitakesha, nitaosha masufuria yote. Lakini panga hilo sitalishika, na hapa sitoki."

Nikakaa chini, mgongo kwenye mwanzi. Vijana wakatazamana. Wifi akasema hajawahi kuona mke wa namna hii. Mama mkwe akaelekeza fagio lake upande wa barabarani.

"Turubai iwekwe kule."

"Mama, kule ni mbali na jiko!"

"Basi mtabeba."

Ngoma ikachezwa, wali ukaliwa. Mgeni mmoja, mama aliyependeza kuliko sote, akazunguka hadi nyuma ya jiko na kuuliza kwa sauti, "Na haya majani yaliyotobokatoboka, faida yake nini?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe aliniwahi.

"Na hizo hereni zako, shoga, zina faida gani?"

Wanawake wa masufuria walicheka hadi mwiko ukaanguka kwenye majivu.

Pupa hakufunguka siku ile. Siku kadhaa baada ya wageni kuondoka, tulikuta ganda tupu limepasuka mgongoni. Hakuna aliyemwona akitoka.

"Ameondoka bila kuaga," mama mkwe alilalamika, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Tangu hapo, kila alfajiri akifagia, anafika kwenye zinia, anainua fagio, anaendelea ng'ambo ya pili. Masika iliyofuata wale weusi wenye madoa waliurudia mndimu, na yeye ndiye aliyeniita kuja kuona.

Kwa hiyo mvua za kwanza zikinyesha, panda mndimu mmoja penye jua la asubuhi, sia mbegu za zinia kando yake, na majani yakianza kutoboka, usipulizie kitu.