Mjomba Aliyesema Yuko Kazini

Mjomba wangu alitunza bustani ya watu katika mtaa wa matajiri wa Spring Valley kwa miaka mingi, akilala katika chumba kidogo nyuma ya nyumba yao kubwa. Kisukari kilipomletea kidonda mguuni, akashindwa kusimama, mwajiri wake alimwambia akapumzike. Kazi ilipoisha, chumba nacho kikaenda.

Nilikwenda kumchukua. Kwangu ni ghorofa ya tano na hakuna lifti, kwa hiyo nilimtafutia chumba cha chini katika gesti moja River Road, katikati ya jiji, karibu na zahanati ya kusafishia kidonda. Nje ya dirisha mafundi walikuwa wakichomelea mageti, na kelele zao zilijaa chumbani. Aliketi kitandani, mguu mmoja una gambuti, mwingine una bendeji.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, kutoka nyumbani kule magharibi.

"Funga dirisha, mpwa wangu," aliniambia kabla ya kuipokea.

Nikalifunga.

"Mama watoto, niko tu kazini," alisema kwa uchangamfu. "Mguu? Huo ulipona kitambo."

Alipokata simu nilimsihi amwambie ukweli.

"Atauza ng'ombe aje huku," alisema, akageukia ukuta. "Ngoja kwanza nipone."

Hakupona. Daktari alipoamua mguu ukatwe, mimi ndiye niliyempigia mkewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nani alikuwa akimpikia. Nilimwambia nilikuwa nikimnunulia chakula kibandani. Hapo ndipo alipoanza kulia.