Dohani ya Malinya

Baba aliiona picha ya nyumba ya matofali ya Uingereza kwenye kalenda ya ofisini kwao. Mwaka ulipokwisha aliiomba, akaja nayo Malinya akiwa ameiviringisha kwapani. Ilikuwa nyumba ya zamani huko mashambani, nyekundu tupu, yenye madirisha marefu na dohani nne za kutolea moshi. Alituambia angejenga kama hiyo, ila ndogo.

Hatukumcheka, maana hakuwa mtu wa mzaha. Udongo ulikuwa wetu, mwekundu na wa kunata; tukaukanyaga likizo nzima, tukachoma matofali kwenye tanuru nyuma ya migomba. Fundi aliyapanga kwa kufuata picha: moja limelala kwa ubavu, la pili limetoa kichwa, hivyo hivyo hadi juu. Kuta zikapendeza kama mkeka uliosukwa. Madirisha yakawa marefu kweli. Paa likawa la mabati, na dohani ikawa moja, fupi, ikiishia chini ya kilele cha paa.

Mama aliuliza mara kadhaa kwa nini moto uwekwe sebuleni na jiko liko nje pale. Baba alimwambia angoje Julai.

Julai ikaja na baridi yake. Baba alialika majirani, akawasha kuni. Moshi ulipanda kidogo, kisha ukarudi wote ndani. Tulitoka nje tukikohoa, wageni wakiwa na vikombe vya chai mkononi, na Nyanya, mama yake Baba, akicheka hadi akashika ukuta.

Kesho yake Mama aliitandaza kalenda mezani, akaitazama kwa muda.

"Baba watoto," alisema, "hizi za wenzako zimepita paa. Yako imejificha."

Baba aliinama, akaangalia. "Kweli," alisema, akatoka kwenda kumtafuta fundi.

Dohani iliongezwa mpaka ikalipita paa kwa kimo cha mtu. Majirani wakaitwa tena. Safari hii moto uliwaka vizuri, moshi ukaenda zake. Mama hakungoja: alibandika chungu cha ingokho, kuku wetu wa kienyeji, palepale sebuleni, kisha akasonga obusuma, ugali wetu, mbele ya wageni. Baba alinung'unika kwamba Waingereza hawafanyi hivyo. Halafu akasogeza kiti karibu na moto, akauliza kama kuku ameiva.