Mzee Meno Abadili Difu za Gari Lake Amwahi Mkewe

Mlango wa gereji haujafunguliwa wote, na tayari Mzee Meno yuko kwenye benchi anazungusha kwa mkono difu, kile kifaa cha gia kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Amechora mstari wa chaki kwenye gurudumu kubwa la meno, naye anahesabu kwa sauti mhimili mdogo utazunguka mara ngapi mpaka ule mstari urudi ulipokuwa.

"Tatu na nusu," anasema, akiipigapiga difu kama ng'ombe wake wa maziwa. "Ile iliyomo garini inakaribia tano. Ndiyo maana injini inalia weee, na gari haliendi."

Gari lenyewe liko nyuma yake, limepandishwa juu ya vyuma, tumbo wazi. Ni la zamani, la magurudumu manne yanayovuta yote, na aliyelitengeneza alifikiria matope na mashamba. Kwenye lami likipita kilomita sitini kwa saa, dereva na abiria huongea kwa mikono.

Kazi ya fundi huyu, kwa miaka ishirini na sita sasa, ni kutoa difu za shamba na kuweka za barabara. Ya mbele na ya nyuma, zote mbili, tena zilingane.

"Ukibadili ya nyuma peke yake, mbele inavuta kivyake, nyuma inasukuma kivyake. Kama mke na mume walionuniana ndani ya nyumba moja. Mwisho kitu kitakatika tu."

Jina lake alilipata kwa kuhesabu meno ya gia kabla hata hajaitikia salamu. Ya kwake mwenyewe, mawili ya mbele hayapo. "Hayo usiyaandike," anasema, na kucheka kwa mapengo yote.

Gari la leo si la mteja. Ni lake. Difu hizi mbili zimelala chini ya benchi mwaka mzima, zimefungwa kwenye gunia, huku akiwafungia wengine za kwao. Mganga hajigangi, wanasema majirani. Na mama anayeuza vipuri vilivyotumika kibanda cha pili, ambaye ndiye aliyemtafutia difu zenyewe, haoni haya kumsema.

"Shemeji, watu wote umewafikisha kwao," anamrushia maneno kutoka kibandani. "Mke wako umemwachia nani?"

Mke ni mkunga. Miaka miwili iliyopita alihamishiwa zahanati iliyo juu ya mlima, mwendo wa saa nane kwa gari hili. Basi la kule huenda Jumanne, siku ambayo fundi hawezi kufunga. Watoto wao pacha wanajitegemea, kila mmoja na maisha yake. Nyumbani amebaki mwenyewe, na bado anapika chakula cha watu wawili, kwa sababu mkono haujajifunza kupima cha mmoja.

Mara moja kwa mwezi hufunga kazi Jumamosi mchana, anaondoka. Anafika usiku. Mara nyingi mkunga ameshaitwa. Jumapili asubuhi na mapema fundi anageuza, maana jioni wateja huleta magari yanayotakiwa barabarani Jumatatu.

"Mwezi uliopita nilimngoja kwenye benchi la wagonjwa nikapitiwa na usingizi," anasimulia. "Naamka, nimefunikwa kanga yake. Yeye yuko ndani na mzazi mwingine. Tukasalimiana mlangoni, tukaagana hapo hapo."

Anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kimechafuka kuliko mikono. "Nimemkumbuka mke wangu. Niseme nini kingine? Nimemkumbuka jamani, mpaka naona aibu."

Basi kwa nini difu zimelala mwaka mzima? Hapo Mzee Meno anaanza kuhangaika na spana. Hatimaye anasema: ni mlima. Difu za barabara hukupa mwendo, lakini hukupunguzia nguvu, hata ukiwa kwenye gia ndogo. Mvua ikinyesha, mlima ule ni sabuni tupu. Difu za shamba hulishikilia gari taratibu wakati wa kushuka. Hizi zitaliachia.

"Nifike upesi halafu nishindwe hatua ya mwisho? Nimwangalie kutoka chini kama mtu anayeangalia mwezi?"

Hofu hiyo fundi hakuwahi kumwambia mkewe. Alimwacha aamini kuwa hana nafasi ya kuzifunga.

Simu inaita angali chini ya gari. Anabonyeza spika kwa kiwiko, maana vidole vyote ni oili. Ni mkewe, na mama wa vipuri anamwahi kwa sauti: "Dada, leo ameamua! Muulize alikuwa anaogopa nini!"

Fundi hana pa kutokea. Anajieleza huku amelala chali, bolti mdomoni.

"Baba Pacha," sauti inasema. "Mwaka mzima nakesha nikisikiliza gari, nikidhani umezoea kutokuwepo kwangu. Kumbe unaogopa mlima?"

"Mama Pacha, ule mlima mvua ikinyesha…"

"Mlima huo naupanda na kuushuka na mkoba wa kazi mgongoni. Gari acha chini. Wewe fika tu. Mimi nitakushukia."

Mzee Meno anaitoa bolti mdomoni, anabaki ameishika.

Kisha anaomba apishwe, kazi ni nyingi. Ya nyuma anataka aifunge leo, ya mbele kesho, na Ijumaa alipeleke gari barabarani kulijaribu. Jumamosi akiondoka mchana, kwa hesabu yake, atafika jua lingalipo.

"Miaka miwili namwona kwa taa," anasema kutoka chini ya gari. "Nataka nimwone akishuka."