Kiti cha Baiskeli ya Baba Mkwe

Kwa miaka sita niliendesha baiskeli ya baba mkwe wangu, na katika miaka hiyo yote hatukuambizana neno juu yake, isipokuwa mara moja, na hapo pia tulimwambia ng'ombe. Mgeni akisikia hivyo hudhani tulikuwa tumekosana. La. Tulikuwa tukiheshimiana, na kwetu Gusii heshima kati ya mzee na mke wa mwanawe ina masharti yake. Tunaiita chinsoni. Sikuruhusiwa kuingia chumbani kwake, wala kumpa mkono, wala kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Tukikutana njiani, mmoja wetu alipaswa kupisha, na kwa kawaida alikuwa mimi. Jambo likitokea, lilipitia kwa mama mkwe, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, likiwa limepoa kidogo.

Niliolewa upande wa Ekerenyo mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na cheti changu cha shule ya msingi na ulimi ambao mama yangu alinionya niuchunge. Mume wangu alikuwa karani huko Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nikapata kazi ya kufundisha darasa la kwanza katika shule moja ng'ambo ya bonde, ingawa sikuwa nimesomea ualimu. Niseme wazi kwamba niliipenda kazi ile kupita kiasi. Watoto wanapokutazama mdomo ili wajue herufi inavyotoka, unajiona mtu. Nyumbani nilikuwa mikono miwili zaidi ya kuchuma pareto, na kule nilikuwa mwalimu.

Tatizo lilikuwa maili saba. Kabla ya kuondoka nilitakiwa kuteka maji, kuwasha moto na kumnyonyesha mtoto, kisha nishuke hadi mtoni na kupanda mlima wa pili kwa miguu. Mara ya kwanza nilichelewa kwa sababu ya mvua. Mara ya pili mtoto alikuwa na homa. Mwalimu mkuu, mtu mpole asiye na maneno mengi, aliniita pembeni. "Mwalimu," akasema, "mara ya tatu usijisumbue kuja."

Jioni hiyo nilimsimulia mama mkwe tukiwa tunapeta wimbi. Sikuomba kitu. Nilisema tu, kama anayejisemea, kwamba nikiwa msichana kaka yangu alinifundisha kuendesha baiskeli kule malishoni, na kwamba kwa baiskeli ningefika kabla ya kengele. Mama mkwe alicheka mpaka ungo ukamtetemeka mikononi.

"Mwanamke juu ya baiskeli," akasema. "Na utavaa nini, mokamwana?"

Mokamwana ndivyo wakwe wanavyotuita sisi tulioolewa na wana wao. Niliendelea kupeta.

Baiskeli ya pekee pale bomani ilikuwa ya baba mkwe. Ilikuwa nyeusi, ndefu na nzito, aliyoinunua kwa Mhindi mjini Kisii baada ya mavuno mazuri ya pareto. Aliipanda Jumamosi tu, siku ya Sabato, amevaa koti, Biblia ikiwa imefungwa kwenye karia. Siku nyingine ililala chumbani kwake, mahali ambapo mguu wangu haungefika.

Siku ya tatu baada ya hapo nilitoka alfajiri nikaikuta imeegemezwa kwenye ghala la wimbi, njiani kwangu kabisa. Hakukuwa na mtu. Niliizunguka kama mwizi. Ndipo nikaona kwamba kiti kimeshushwa hadi kimekaa juu ya fremu. Baba mkwe alikuwa mtu mrefu, na wanawe wote wamemfuata. Mfupi wa boma lile nilikuwa mimi. Nilirudi nyumbani nikavaa kaptura ya mume wangu ndani ya rinda, nikaisukuma baiskeli hadi barabarani, nikapanda.

Ile barabara siwezi kuwaeleza vijana wa leo wakanielewa. Ilikuwa ya murram, na gari ambalo ungelitarajia lilikuwa lori la pareto, mara moja kwa juma. Iliteremka kutoka kwetu katikati ya miti ya miwati, harufu ya magome yake ikipanda na ukungu, kisha ikaingia katika kipande cha msitu wa zamani kilichokuwa bado hakijakatwa kando ya mto. Humo ndani kulikuwa na giza la kijani hata jua likiwa limechomoza. Hondohondo walipiga kelele huko juu, na tumbili walikaa kandokando wakinitazama kama wazee wa kanisa. Nilisikia cheni ikizunguka na changarawe ikisagika chini ya tairi, basi. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Chini kabisa kulikuwa na daraja la mbao, na baada yake mlima ambao nusu yake niliupanda nikisukuma.

Nilifikiri sana katika barabara ile. Ndipo nilipopanga masomo yangu, na ndipo nilipogundua kwamba kwa muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni hakuna aliyekuwa akiniita. Sikuwa mama wa mtu wala mke wa mtu. Nilikuwa mtu anayeshuka mlima. Nilifurahi, na mwanzoni nilijionea haya kwa furaha hiyo.

Watu walisema, bila shaka. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliniuliza kama mume wangu naye hupika siku hizi. Nikawajibu kwamba hupika vizuri kuwashinda wao. Lakini nyumbani hakuna aliyesema kitu, maana baiskeli ilikuwa ya mzee, na mzee alikuwa kimya. Jioni niliirudisha kwenye nguzo ya ghala, nikaifuta matope kwa majani ya mgomba. Asubuhi niliikuta cheni imepakwa mafuta na magurudumu yamejazwa upepo. Shuleni nilipopata gazeti kuukuu nililibana kwenye karia. Kulipokucha halikuwapo.

Jambo moja lilinichekesha. Tangu siku ile mzee alianza kwenda kanisani kwa miguu. Baiskeli ilibaki ghalani Jumamosi nzima, naye akaondoka mapema na fimbo yake. Mama mkwe aliniambia kwamba magoti yanamsumbua, hayapendi tena pedali. Mimi na ulimi wangu nikasema, "Magoti gani? Sema mzee anaogopa mteremko." Mama mkwe hakucheka. Nilirudia mzaha huo mara nyingi, hata mbele ya wake wa mashemeji zangu.

Sasa yule ng'ombe. Jioni moja nilikuwa nikirudi, nateremka kwa kasi kuelekea darajani, nikakata kona, na mbele yangu nikamwona baba mkwe akimtoa ng'ombe kwenye josho. Barabara ilikuwa nyembamba. Kumpita karibu vile, rinda likipepea, halikuwa jambo la kufikiriwa. Nilibana breki, ya nyuma ikakataa, nikaona ni heri matete ya kando ya njia. Nikaingia humo pamoja na baiskeli, hadi kiunoni kwenye tope.

Mtu mwingine yeyote angekuja kuniinua. Yeye aligeuka akanipa mgongo, akasimama hivyo hivyo, na nikaona mkono wake ukiikaza kamba. Kisha akamwambia ng'ombe, polepole, "Hii breki ya nyuma imekwisha. Mtu angeweza kuvunjika."

Nami kutoka kwenye matete nikamwambia ng'ombe kwamba hakuna aliyevunjika.

"Vizuri," mzee akamwambia ng'ombe.

Ng'ombe peke yake ndiye aliyetutazama sote wawili. Kesho yake breki ya nyuma ilikuwa na mipira mipya.

Mzee alikufa mwaka wa sita, kwa ugonjwa wa kifua uliomchukua kwa majuma mawili. Nililia kwa sauti kuliko nilivyotegemea, na watu wakasema mokamwana huyu anajua kuomboleza.

Matanga yalipokwisha wanaume walikaa uani kugawa vitu vyake. Koti lilikwenda kwa nduguye, redio kwa mwanawe wa mwisho. Shemeji yangu mkubwa, aliyekuwa na duka Keroka, akasema ataichukua baiskeli, ya kubebea mizigo. Ilikuwa haki yake kama mtoto wa kwanza. Mume wangu alitazama chini. Mimi nilikaa na wanawake kando ya jiko. Nilikuwa na watoto watatu sasa, na maili zilikuwa saba zile zile, na mwalimu mkuu yule yule. Kujinunulia baiskeli yangu, ilhali mume wangu hana, ingekuwa kumvua nguo mbele ya ukoo. Nilijua kwamba nimeshaacha kufundisha.

Shemeji akaijaribu. Magoti yake yaligonga usukani na watu wakacheka. Akaomba spana ili akiinue kiti. Akalegeza nati, akavuta, na kiti kizima kikachomoka, kikabaki mkononi mwake. Chini yake kulikuwa na kipande cha bomba kisichozidi urefu wa kidole. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno wa chuma, na mahali palipokatwa pakasuguliwa kwa tupa hadi pakawa laini.

"Nani ameiharibu?" akauliza.

"Baba yako," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. "Bomba lilikuwa refu, likigota ndani, kiti hakishuki vya kutosha. Nikamwambia, ukikata hutaipanda tena. Akasema anajua. Akakata."

Shemeji akageuza kile kiti mikononi. "Nitanunua bomba lingine," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Mabomba yako mengi madukani," mama mkwe akasema. "Lakini hiyo haimo katika vitu vya marehemu. Aliitoa akiwa mzima, kabla hujafungua duka."

Hakuna aliyenitazama. Shemeji alikirudisha kiti, akakaza nati, akaichukua baiskeli na kuiegemeza kwenye nguzo ya ghala. Nilijifunika uso kwa leso. Magoti ya mzee hayakuwa na ubaya wowote. Miaka sita alitembea kwenda kanisani, na mimi nikimcheka.

Jumatatu niliikuta pale pale, cheni kavu. Niliipaka mafuta mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Nilipofika darajani nilishuka. Barabara ilikuwa tupu kama siku zote, na safari hii sikuwa na wa kunipitishia neno. Nikasema asante, kwa sauti. Halafu nikamwomba radhi kwa maneno yangu juu ya magoti yake, nikaanza kusukuma mlima.