Mlima wa Wenye Nyumba

Niliolewa na mwanamke, na sijawahi kuona haya kulisema. Watu wa mbali wakisikia hushika mdomo, basi nawaeleza: mama mmoja wa huku kwetu Tarime alifiwa na mume kabla ya kupata mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe wake mwenyewe kwa baba yangu, akanioa ili nizae na mwanamume wa nje, watoto wabebe jina la nyumba yake. Sisi tunaiita nyumba ntobhu. Nilimwita mama. Yeye aliniita mke wangu mbele za watu na mwanangu tukiwa jikoni. Mwaka ninaousimulia Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na mimi nilikuwa na binti mmoja wa kunyonya na hasira za kuwatosha watu watatu.

Hasira zote zilikuwa za mtu mmoja, ndugu mdogo wa marehemu. Shamba letu la wimbi lilikuwa bondeni, udongo mweusi, limepakana na lake. Kila akipita hapo alipunguza mwendo na kulitazama kama nyama ya jirani inayochomwa. Kisha akaanza kusema kwenye pombe kwamba nyumba yetu imekufa kwa sababu haina kichwa. Nyumba ikifa hurithiwa. Shamba lingekuwa lake, mama angehamishiwa kibanda nyuma ya boma lake, na mimi ningepewa mwanawe wa pili, mwanamume aliyeshindwa hata kumfunga ndama. Binti yangu angenifuata huko huko. Tungegawiwa kama vyungu.

Alipeleka neno lake kwenye ritongo, baraza la wazee, siku chache baada ya mavuno.

"Wazee, kila mwaka wenye nyumba hupanda mlima," alisema. "Huyu shemeji yangu amepanda lini?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma. Wimbi likishaingia ghalani, wenye nyumba wa ukoo wetu walipanda mlima ulio juu ya kijiji kungali giza, kila mmoja na kibuyu chake cha maziwa. Walingoja kileleni mpaka jua litokeze. Sisi tunaliita iryoba, na wazee wetu waliliomba kabla hatujasikia habari za kanisa. Kila mmoja alipiga funda la maziwa, akalipulizia upande wa jua, akaitaja nyumba yake. Asiyeitaja, neno lake halikusikilizwa barazani mwaka mzima.

Mama alisimama akiegemea fimbo. "Hakuna aliyeniambia nipande."

"Hakuna mwanamke aliyewahi kupanda," shemeji yake alijibu.

"Basi hakuna mwanamke aliyewahi kukatazwa."

Mzee mkuu wa baraza alikuwa mtu wa kucheka. Akacheka, kisha akasema, "Apande. Akiitaja nyumba yake mbele ya jua, nyumba iko hai. Asiyeitaja mbele ya jua, nyumba yake tutaigawa. Nimemaliza."

Wote wakacheka naye, maana kila mtu alilijua goti la kushoto la mama. Lilivimba miaka mingi nyuma na halikupona. Kwenda kisimani tu alipumzika mara mbili. Mimi sikucheka. Nilitamani kumrushia mtu kigoda.

Siku ya kupanda tuliondoka jogoo la kwanza. Binti yangu nilimwachia mke mdogo wa shemeji huyo huyo, jirani yetu, kwa kuwa naye alikuwa ananyonyesha. Alimpokea, akamfunga mgongoni, akasema neno moja tu: "Pandeni."

Tulitangulia ili goti lisituaibishe, lakini wanaume walitukuta hata hatujamaliza vichaka vya chini. Walitupita mmoja mmoja, wamejifunga mablanketi. Tuliwaamkia wakubwa, shikamoo, shikamoo, wakaitika bila kusimama. Shemeji alisimama.

"Shemeji, rudi ukalale," alisema. "Tutakuletea salamu za jua."

Nilifungua kinywa. Mama akanigonga kifundo cha mguu kwa fimbo. "Tunza pumzi," akaniambia.

Sehemu ya mwisho ya mlima ule ni mawe matupu. Nilimwambia nimbebe, nilikuwa na nguvu za kubeba gunia. Akakataa. "Wakiona nimebebwa watasema aliyepanda ni wewe." Akageuka, akaupa mlima mgongo, akakaa juu ya jiwe la kwanza. Kutoka hapo alijisukuma kwa mikono na mguu mmoja mzima, jiwe hadi jiwe, kwa makalio. Kaniki yake ilichanika. Nilipanda nyuma yake nimeshika kibuyu, nikilia kwa uchungu na kumcheka kwa pamoja, naye akinitukana kwa nini namcheka.

Tulifika kileleni, na hakukuwa na kitu cha kuona. Ukungu ulikuwa umefunga pande zote. Wanaume walikuwa wamejikunyata, meno yanagongana. Tukangoja. Giza likawa kijivu, kijivu kikawa cheupe, na jua halikuonekana. Umande ulitulowesha kama tumenyeshewa.

"Limekwisha kutoka hilo," shemeji alisema mwishowe. "Limejificha tu, linatusikia. Jamani, mura, pombe iko chini inatungoja."

Walikuwa wamesubiri kusikia hilo. Wakapiga mafunda yao, wakapulizia ukungu, wakazitaja nyumba zao harakaharaka kama watu wanaoitika majina kwa karani wa kodi. Mmoja akamgeukia mama kwa wema kabisa, "Haya mama, na wewe sema, tushuke."

"Sijaliona," mama alisema.

"Hata sisi hatujaliona."

"Basi mmeamkia nini? Ukifika kwa mtu hajatoka nje, unaamkia ukuta?"

Shemeji alipiga makofi. "Mmesikia? Amekataa kuitaja nyumba. Amekataa kwa kinywa chake!" Wakashuka, na kicheko chake kilisikika mpaka ukungu ukakimeza.

Hapo niliogopa, na kwa kuwa sijui kuogopa vizuri nikamkasirikia mama. Nikamwambia aseme tu, yaishe. Nani atajua? Mtoto wangu yuko chini, watu wanakwenda kutugawa, yeye anachagua jua!

"Nitajua mimi," alisema. "Usinifanye mwizi wa nyumba yangu mwenyewe. Kaa."

Nikakaa. Nikataka kunywa maziwa kidogo, njaa ilinikaba. Akaninyang'anya kibuyu, akakipakata. Sijui tulikaa muda gani. Najua matiti yangu yalikuwa yamejaa yanauma, na kila nilipokumbuka jina la yule mwana wa pili nilitema mate.

Kisha upepo ukaja kutoka nyika za Serengeti. Ukungu ukapasuka chini kwanza: nikaona Mto Mara, nikaona moshi wa Nyamongo na Matongo, na ng'ambo ya mto mashamba ya upande wa Busawe. Mbele yetu lilibaki wingu moja pana, na juu ya ukingo wake jua likatokeza, jekundu, taratibu, zima.

Mama aliiangusha fimbo. Alisimama kwa miguu yake miwili, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Akapiga funda, akapuliza. Akalitaja jina la mumewe. Akalitaja lake. Akalitaja langu, kisha la binti yangu, kwa sauti kubwa kuliko yote. Wanaume hutaja wanaume peke yao kule juu. Akanipa kibuyu.

"Na wewe."

Nilipuliza vibaya, nusu ikanimwagikia kidevuni. Nikaitaja nyumba yetu. Furaha iliyonipata pale sikuipata hata siku ya kujifungua.

Ndipo tukasikia vigelegele kutoka chini. Vilianza katika boma moja, vikapokewa katika la pili na la tatu. Jua lilikuwa linatumulika, na wanawake waliokuwa wanakwenda kisimani walituona, watu wawili wamesimama kileleni.

Tulipofika kwenye ritongo shemeji alikuwa katikati ya maneno, pombe mkononi. Mzee mkuu akamnyamazisha.

"Mama, umeitaja nyumba yako mbele ya jua?"

"Nimeitaja, likinitazama."

"Shahidi ni nani?" shemeji akadakia. "Huyu mkewe?"

"Mimi," ilisikika sauti kutoka penye ua. Alikuwa mke wake mdogo, amembeba mtoto wangu. "Jua limetoka mko hapa mnakunywa. Nimewaona wale wawili juu. Wanawake wote wamewaona."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Nilimpokea binti yangu, nikakaa chini nikamnyonyesha mbele ya wazee wote, wala sikujifunika.

Mama hakukaa. "Sasa nami niulize," alisema. "Kati yenu, ni nani aliyeitaja nyumba yake mbele ya jua?"

Wakatazamana. Wengine wakatazama vibuyu vyao.

"Mzee, neno ni lako. Asiyeitaja mbele ya jua, nyumba yake tutaigawa. Leo hapa naona nyumba moja tu iliyo hai. Tuanze kumgawa nani?"

Mzee mkuu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu na yeye alikuwa mmoja wao.

Kesho yake, jogoo la kwanza, wenye nyumba wote walipanda mlima upya, vichwa vinawauma. Njia inapita mbele ya mlango wetu. Mama alitoa kigoda, akakaa, akaunyoosha mguu wake mbovu, akawaitikia wote waliomwamkia. Shemeji alipita wa mwisho, kibuyu kwapani, macho chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto wangu mgongoni.

"Shikamoo, baba," nilimwambia. "Ukirudi utuletee salamu za jua."